Pesa Ilipohesabiwa

Binti alipokea bahasha ya tuzo kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama watoto wa huku wanavyofundishwa, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, mikrofoni ikiwa mbali:

"Aksanti sana, baba. Lakini njo nani ananipatia?"

Kona moja ya bahasha ilikuwa bado mkononi mwangu. Nyuma yetu ilisimama picha kubwa ya marehemu mwalimu wetu, ile ya koti la kijivu, imezungushiwa maua ya plastiki. Nikaielekeza kwa kidevu.

"Ni yeye."

Akaitazama picha. Akanitazama mimi. Akatabasamu kwa heshima zote.

"Sanda haina mufuko, baba."

Makofi yalikuwa yanaendelea. Mpiga picha akatuambia tusogee karibu, tukasogea, nikacheka kwa nguvu ili picha itoke nzuri. Nilidhani ni utani. Usiku, nikiwa nimelala chali naangalia dari, nikaona kwamba haukuwa utani. Au kama ulikuwa, ulikuwa utani wa mtu aliyemaliza sosholojia na asilimia 81.

Ilinichukua wiki saba kumpa jibu.

## Daftari la kilio

Marehemu tulimwita CT, yaani chef de travaux, na tunamwita hivyo mpaka leo ingawa kaburini hakuna vyeo. Waliosoma Kongo wanaijua ngazi hiyo: si asistanti tena, si profesa bado. Mtu huipanda akiwa na nywele nyeusi, akingoja doktora, na wengi huzikwa wakiwa hapo hapo na mvi zao. Alitufundisha hapa Lubumbashi karibu miaka thelathini. Tangu afe, kila mmoja wetu anasimulia kwa fahari jinsi CT alivyompa 9 juu ya 20.

Alikufa mwaka jana, mwezi wa pili, siku zile mvua inapoanguka kila mchana kama mtu mwenye ahadi. Kilio kilikuwa nyumbani kwake, mtaa wa Katuba. Nilipewa daftari mimi, kwa sababu ndiyo kazi yangu: nilisoma sosholojia, lakini unga wa nyumbani kwangu unatoka kwenye uhasibu wa malori yanayopeleka shaba Kasumbalesa, mpakani na Zambia. CT alikuwa akiniita mwanasosholojia wa magurudumu.

Anayeshika daftari la kilio huona mambo ambayo padri haoni. Jirani, franka 5,000. Mama wa kanisa, nusu gunia la unga. Promosio fulani, yaani waliomaliza chuo mwaka mmoja, dola 120, na promosio iliyoitangulia, ambayo ina wakubwa wengi zaidi, dola 60. Mtu asiyetaka kutajwa, makaa ya kupikia bukari, ugali wetu, siku zote nne. Upande wa pili: jeneza, mochwari, mahema, viti, basi mbili za kwenda makaburini, mafuta ya jenereta, munkoyo wa kunywa. Siku ya tano familia ikakaa, nikasoma daftari kwa sauti tangu mstari wa kwanza, zikabaki dola 85. Tukampa mjane mbele ya wote. Akazifunga kwenye ncha ya kikwembe. Nikapiga mstari chini ya hesabu, nikaandika "imefungwa".

Haikufungwa.

Wiki tatu zilizofuata simu yangu haikutulia. Wanafunzi wa zamani walioko Johannesburg, Kinshasa, Kolwezi, Ubelgiji, walikuwa wamechelewa kupata habari, na sasa kila mmoja anatuma. Huyu 50, yule 200. Watu kumi na wanne. Wote waliandika karibu maneno yale yale: ni ya kilio cha CT. Zilipokoma kuingia zilikuwa dola 1,200.

Ya kilio. Hilo neno nimelichungulia sana siku hizi.

## Tulikuwa saba

Ningependa kuandika kwamba wazo la tuzo lilikuja lenyewe, kama mvua. Hapana. Nililitoa mimi.

Tulikutana kwenye nganda moja, baa ya mtaani, wanaume sita na dada mmoja, wote tuliopita mikononi mwa CT. Nikasema hizi pesa tukizipeleka Katuba zitaishia kwenye unga. Tuanzishe tuzo ya kumbukumbu: dola 300 kila mwaka, miaka minne, kwa mwanafunzi bora anayemaliza sosholojia. Jina la CT lisipotee. Kimya kidogo, halafu mmoja akagonga meza, "Voilà!", na chupa nyingine zikaitwa. Sikumbuki kama tulizilipa kutoka mifukoni mwetu. Nadhani ndiyo. Daftari nimeliangalia mara tatu.

Ni yule dada aliyeuliza: "Na mama?"

"Mama tutamuambia."

Kitenzi hicho kilipita mezani kama sahani ya karanga, hakuna aliyekiangalia. Hatukusema tutamuuliza.

Nilimpigia simu mimi. Nikamweleza kwamba wanafunzi wanataka kuweka tuzo kwa jina la CT, kwamba litatangazwa kila mwaka mbele ya maprofesa. Dola 1,200 sikuzitaja. Sikukusudia kuzificha, naapa. Hazikuja tu mdomoni. Upande wa pili nilisikia jogoo, halafu kimya, halafu:

"Sawa, mwanangu."

Mtu mzima wa hapa anajua kuna sawa nyingi. Kuna sawa ya kukubali. Kuna sawa ya kukata maneno. Kuna sawa ya mtu asiye na mahali pa kupeleka lalamiko lake. Kwenye simu zote husikika sawa.

## Kuhesabiwa na kuulizwa

Mji huu umezoea kuhesabiwa. Mwaka 1946, ukiitwa bado Élisabethville, Wabelgiji walianzisha hapa kituo cha kuchunguza walichokiita matatizo ya kijamii ya wenyeji, CEPSI. Chuo kikuu kikafunguliwa 1956. Mageuzi ya 1971 yalipovikusanya vyuo vikuu vyote vya nchi kuwa kimoja, UNAZA, sayansi za jamii ziliwekwa Lubumbashi, hata kijana wa Matadi aliyetaka sosholojia ilibidi afunge safari ya kuja huku. Ilikuwa hivyo mpaka 1981. CT alipenda kusema kwamba katika mji huu kila mtu ameshahesabiwa, bado kuulizwa tu.

Naye alikuwa na swali moja.

Mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kwa fedha za Benki ya Dunia, iliwaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Hiari! Watu walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara; mtu mwenye njaa ukimwekea bahasha mezani, hiari yake unaipima na nini? Kila mtafiti aliyepita aliuliza ulipewa kiasi gani, ulinunua nini, leo unaishi vipi. CT alitutuma kwenye kambi za wafanyakazi na kwenye avenyu za Katuba na Kenya (Kenya yetu, si ile ya Nairobi) na fomu ndefu kama ya kila mtu, lakini akatuambia tukichoka turuke maswali yote tubakize moja tu:

Pesa ilipohesabiwa, nani alikuwa ndani ya nyumba?

Bwana peke yake? Bwana na bibi? Mjomba aliyefika kutoka kijijini asubuhi hiyo? Mtoto mkubwa? CT alikuwa akishikilia kwamba ukijua nani alikuwa ndani, habari nyingine zote za ile nyumba unaweza kuzikisia. Sisi tulikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, tulitaka maswali yenye maneno makubwa. Tulibisha milango na swali lile tukilionea haya.

Nami, miaka ishirini baadaye, nilikaa kwenye nganda na dola 1,200 za kilio chake, tukiwa saba, na mwenye kilio hakuwa ndani.

Unaweza kuniuliza nilitambua lini. Si siku ya sherehe. Siku hiyo mama alikaa safu ya tatu, kikwembe na libaya vya rangi moja, kwa sababu safu mbili za mbele tuliwawekea maprofesa. Nilihutubia dakika kumi na mbili. Niliwashukuru "wote waliotoa". Mama alipiga makofi.

Nilitambua wiki ya tano, niliposoma memwari, tasnifu ya kumalizia chuo, ya yule binti.

Ndiyo, baada ya kumpa tuzo. Mwanafunzi bora tulimpata kwa asilimia, kwa sababu asilimia haibishani na mtu, na sote tulikuwa na haraka. Memwari yake nilikuwa nimesoma utangulizi na hitimisho. CT angenipa 9. Mada ilikuwa likelemba, yaani upatu, za akina mama wanaouza sokoni Kenya, na nilidhani nazijua likelemba, mama yangu alinisomesha nazo. Katikati ya kurasa zile kuna kipande kifupi kinachoeleza jinsi pesa inavyokabidhiwa. Mama mwenye kuzishika hampi tu mwenye zamu furushi. Anazihesabu kwa sauti mbele yake na mbele ya wengine, na kila noti anaitaja mwenyewe: hii ya fulani, hii ya fulani. Mwenye zamu hujibu kila mara, "Nasikia." Jina likirukwa, hapokei.

Binti hakuwa ananitania pale mbele ya picha. Alikuwa anangoja nimsomee majina.

## Mtu wa kati

Kuna usiku nilijitetea. Nikasema tuzo za marehemu ndivyo zilivyo, marehemu hajawahi kuombwa ruhusa. Nobel mwenyewe, katika wasia wake wa 1895, alitaja fizikia, kemia, tiba, fasihi na amani, uchumi hakuutaja. Ile ya uchumi ilianzishwa 1968 na benki kuu ya Sweden kwa kumkumbuka, na mmoja wa ukoo wake amelalamika hadharani kwamba jina limeazimwa pasipostahili. Dunia inaendelea, washindi wanapanda ndege.

Utetezi ulidumu mpaka asubuhi. Benki ile angalau ilitoa kwenye sanduku lake.

Halafu nikakumbuka somo la sahani. CT alimfundisha Marcel Mauss bila kufungua kitabu. Alianza nyumbani: jirani akikuletea sombe, majani ya muhogo, sahani hairudi tupu, utaweka ndizi mbili, utaweka hata chumvi. Kwa nini? Nani anakulazimisha? Akishatuacha tujikanyage, ndipo anamleta yule Mfaransa aliyetoa mwaka 1925 insha yake kuhusu zawadi: kuna wajibu wa kutoa, wajibu wa kupokea, wajibu wa kurudisha.

Nilichokuwa nimesahau ni Mmaori. Mauss aliegemea maneno ya Tamati Ranapiri wa New Zealand, aliyemweleza mtafiti Elsdon Best habari za hau, roho iliyomo ndani ya kitu kilichotolewa. Maelezo yake yana watu watatu. Wewe unanipa kitu. Mimi nampa mtu mwingine. Siku moja huyo ananiletea kitu cha kunirudishia. Ranapiri anasema hicho nilicholetewa siwezi kukaa nacho, ni hau ya kitu chako. Nikikishikilia, mabaya yatanipata, hata kufa. Wasomi wamebishana miaka na miaka: zawadi inaeleweka kwa watu wawili, huyu wa tatu ameletwa wa nini? CT aliweka swali hilo kwenye mtihani. Nilijibu kwamba mtu wa tatu ni mfano tu, hana uzito.

Nilipata 9.

Leo ningejibu kwamba tumwache wa tatu, tumwangalie wa kati. Yule ambaye kitu kinapita mkononi mwake. Watu kumi na wanne walitoa. Binti alipokea. Mimi nilikuwa njia. Lakini angalieni kilichorudi: makofi, picha kwenye simu za watu, bosi wangu kunipa mkono Jumatatu asubuhi na kuniambia sikujua wewe ni mtu wa elimu, profesa mmoja mzee kuniita mwana wa kweli wa CT. Hiyo ndiyo iliyokuwa sahani ya kurudishwa, na haikuwa tupu, nami niliibeba hadi nyumbani kwangu nikala peke yangu.

Kuna jambo jingine la Mauss ambalo CT alilirudia kila mwaka, na sisi tulilichukua kama hadithi ya kupumzikia. Vita vya 1914 viliwamaliza vijana wengi wa kikundi chao cha sosholojia kule Paris. Durkheim, kiongozi wao, alimpoteza mwanawe André. Robert Hertz, aliyekuwa ameandika mwaka 1907 kuhusu kifo na jinsi jamii inavyohitaji muda na mazishi ya pili ili kumwachilia mtu wake, aliuawa Aprili 1915. Mauss alitumia miaka yake mingi kupanga na kutoa maandiko ya hao waliokufa. Kitabu kilichokusanya makala za Hertz kilitoka 1928, na dibaji iliandikwa na mjane wake, Alice.

Mjane alikuwa ndani ya nyumba.

## Katuba

Jumamosi moja nilichukua daftari na kilo tano za sukari, nikaenda. Moshi wa nyasi zinazochomwa ulikuwa umefunika mji, jua likawa jekundu kama kaa la moto lililotundikwa. Kwenye kona ya avenyu yao nikanunua mayunite ya franka 1,000 kwa kijana aliyekaa chini ya parasoli, kofia imeshuka mpaka nyusi. Nilitaka nikifika niwe na simu yenye salio, endapo mambo yatakuwa mabaya niwapigie wenzangu. Uoga una mipango yake.

Mama alikuwa uani anachambua sombe. Akanipa kiti, akanipa munkoyo kwenye kikombe cha bati, akarudi kwenye majani yake. Nikamwambia nimekuja kumsomea ukurasa ambao sikuwahi kumsomea. Nikasoma majina yote kumi na manne na kila kiasi. Kwa baadhi ya majina alitikisa kichwa. Kwa moja alicheka, sijui kwa nini.

"Unamaliza?"

"Namaliza, mama."

"Ile feza nilijua iko."

Kikombe kilikuwa mdomoni mwangu. Nikauliza nani alimwambia.

"Yule wa Johannesburg. Alinipigia simu mwezi wa tatu, mwaka ule ule wa kilio. Anauliza kama ilinifikia. Nikamujibu ilinifikia."

"Juu ya nini, mama?"

"Ningesema nini? Kwamba batoto ba CT banaiba?"

Hakupandisha sauti. Aliling'oa jani, akalitupa kwenye beseni, akachukua jingine. Nimepiga hesabu: kwa mwaka mmoja na nusu jina letu zuri lilikuwa limekaa juu ya uongo wa mwanamke mmoja, alioutunga ghafla akiwa na simu sikioni, na ambao hatukuwahi kumwomba.

Akaendelea, bado anachambua. Kwamba kijana wake wa mwisho amesimama masomo tangu mwaka jana, pesa ya masomo haikupatikana. Kwamba si kitu, watoto wengi wamesimama. Kwamba anauza mayunite pale kwenye kona.

"Utakuwa ulimupita."

Sikumpita. Nilinunua kwake. Kwenye kilio alikuwa mtoto wa miaka kumi na saba anayebeba viti. Sasa ana ndevu. Sijui kama alinitambua. Alinirudishia chenji yangu kamili.

"Ile yenye kubakia iko wapi?" mama akauliza.

"Iko kwangu. Dola 900. Zile 300 ndizo tulimpa binti."

"Kwako wapi?"

"Benki."

"Kwa jina la nani?"

"Kwa jina langu, mama."

"Ehee."

Nilingoja aseme nizilete. Nilikuwa tayari, ningetoka mbio. Badala yake akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka anakokota kantini, sanduku la bati. Nikamsaidia. Ndani mlikuwa na karatasi za CT: kurasa za doktora ambayo haikuisha, madaftari ya kufundishia, na chini kabisa mafungu ya fomu zetu za kambini, yamefungwa kwa kamba za mpira. Mchwa walikuwa wameshafika. Fungu la chini kabisa liliposhikwa lilikuwa unga.

"Hizi hakuna hata mumoja wenu aliniuliza," akasema. "Ya tuzo mulinitelefonia."

Nikaketi chini, nikaanza kuzitenganisha zilizopona na zilizoliwa. Mwandiko wangu niliutambua kabla ya kuusoma, zile herufi za kijana anayeharakisha kwenda nyumba inayofuata. Nyumba ya ngapi, Avenyu gani, umri wa mwenye nyumba, idadi ya watoto. Na kwenye lile swali tulilolionea haya, kwa wino wa buluu:

Bwana peke yake.

Sikumbuki nyumba ile. Sikumbuki kama kulikuwa na mwanamke uani anachambua kitu nilipokuwa nikiandika. Bila shaka alikuwepo. Hakuna mahali kwenye fomu nilipoonyesha kwamba nilimgeukia.

## Majina kumi na manne

Jioni ile nilimpigia binti. Nikamwambia aliniuliza swali na sikumjibu vizuri, anisikilize. Nikasoma. Baada ya kila jina akasema "Nasikia", kwa utulivu, kama anayepokea noti. Nilipofika la kumi na nne, hakusema aksanti. Aliuliza:

"Na jina la mama?"

Nikamwambia. Nikasikia analiandika. Ameuliza kama anaweza kwenda kuona zile fomu kabla mchwa hawajazimaliza. Nikamjibu ruhusa hiyo si yangu kuitoa, nikampa namba baada ya kumuuliza mwenye nayo. Bahasha yake hakuna atakayeigusa. Hilo mama alilisema mwenyewe, bila kuulizwa: kitu cha mtoto wa watu hakirudishwi.

Kundi letu la WhatsApp limewaka moto siku tisa sasa. Mmoja anasema ninaua jina la CT. Mwingine ameuliza kama mama alisaini popote kwamba pesa ni zake, na dada yule wa "Na mama?" amemjibu kwa mstari mmoja ambao siwezi kuuandika hapa. Mmoja ametoka kwenye kundi bila kwaheri. Nilichopendekeza ni kidogo: dola 900 nizitoe benki, na zile 300 tuzijaze sisi saba, karibu dola 43 kila mtu, zifike tena 1,200. Tuzihesabu mbele ya mama, kwa majina, kwenye ile ile nyumba ya kilio. Baadaye yeye ndiye atasema kama kuna tuzo mwaka ujao au hakuna, na kijana wake akae karibu asikie.

Mama amekubali tuje. Nilimuuliza, sikumwambia. Ameuliza tutakuwa wangapi, kwa sababu ya viti.

Ni Jumapili saa tisa alasiri. Watano wamethibitisha. Leo asubuhi mmoja ameandika kwamba atakuwa Likasi siku hiyo, yuko na kazi, ila sehemu yake ataituma kwa simu hata sasa hivi. Nimemjibu asitume. Arudi na basi ya asubuhi, aiweke mezani kwa mkono wake, mama akiwa amekaa.